Babu Aliyefungwa Ngomeni

Jumapili, Kitengela. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Yananichokoza tu, na leo sina nguvu za kuchokozwa.

Juzi nimerudi kutoka Mombasa mikono mitupu. Nilienda kwenye ile ngome ya kale inayolinda bandari, kutafuta habari za babu, baba yake mama. Yeyo, mama yangu, alikuwa bado mtoto huko Rombo askari wa Mwingereza walipomchukua babu. Nyumbani walisikia tu kwamba amefungwa ngomeni Mombasa. Hakurudi.

Sasa Yeyo anaumwa, na ombi lake ni moja: ajue babake alizikwa wapi.

Mimi ni mwalimu. Historia ya ngome hiyo naweza kuifundisha hata usingizini: Wareno waliijenga, Waarabu wa Oman wakawanyang'anya, Mwingereza akaigeuza jela. Watoto wanaandika, wanapita mtihani, basi. Lakini niliposimama ndani ya kuta zile nene nililia kama mjinga. Watalii wakanipisha.

Mama mmoja anayeongoza wageni alinihurumia. Akaniuliza swali moja tu: babu yako aliitwa nani?

Sijui.

Kwetu Wamaasai, aliyekufa hatajwi jina. Yeyo ameokoka, ni wa kwaya, lakini mila hiyo hajaiacha. Kila nilipomuuliza alikunja uso, nami nikanyamaza kwa heshima. Ndugu zake wote wametangulia. Hakuna mwingine wa kuulizwa.

Kwa hiyo leo baada ya ibada nimeenda kwake Kajiado. Nimeketi kando ya kitanda nikambembeleza weee. Nikamwambia hata pasta amesema si dhambi. Nikamwambia aninong'oneze tu, nami sitamwambia mtu nyumbani.



"Si ati nakataa, mtoto wangu," akasema. "Hiyo jina hata mimi nimeitafuta. Imepotea. Nilikuwa naona haya kukuambia."

Akajifunika uso kwa shuka. Nikamshika mkono. Miaka yote hiyo nilidhani anaficha.

Nilipoinuka kuondoka, akanivuta nguo. "Lakini utarudi Mombasa, sindio? Umtafute baba."

Nikaitikia ndiyo.

Nimtafute nani?