Maji ya Kwa Mjomba

Ngumbo, Agosti

Kaka Erasmo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, wewe na wifi Hilda, na kwamba mgongo wako umepona. Sisi tunapumua.

Wiki iliyopita ziwa liligeuka kijani. Hakuna aliyeshtuka. Huku upepo wa mwera ukivuma, maji ya chini hupanda na rutuba yake, ziwa likawa kijani, na samaki wetu wadogo, usipa, wakaja kula. Mama mkwe alipiga vigelegele, akatuamuru tutengeneze chanja za kuanikia. Usipa hawakuja. Mbuzi wake walishuka kunywa, wakafa palepale ufukweni. Jioni mwanangu Siwema, aliyekunywa maji hayohayo, naye akaanza kutapika. Kaka, nilidhani nimempoteza! Zahanati walimtundikia dripu, na leo amekunywa uji.

Mtaalamu wa uvuvi, Bi. Eunice, alileta darubini akatuonyesha tone moja. Nilichungulia nikaruka nyuma, maana lilijaa vitu kama shanga zilizotungwa. Alisema ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Ipo ya aina nyingi, na ile njema ndiyo inayolisha samaki, lakini rutuba ikizidi, aina hii yenye sumu hujaa na kuisonga njema. Watu walisema rutuba imeletwa na upepo kama siku zote. Yeye akasema upepo ni uleule, hii imetoka nchi kavu.

Nikaenda pale mto unapoingia ziwani. Wenzangu walisema kunanuka matope. Matope gani! Mimi nimekulia ndani ya harufu ile. Ni maganda ya kahawa na maji ya kuoshea. Na juu ya mto huu mashine ya kumenya kahawa ni moja tu, yako, ile mpya tuliyoichinjia nguruwe mwezi wa sita. Nikakaa mchangani.

Bado sijamwambia mtu. Barua hii ikishaondoka na gari la Mbinga nitamwambia mume wangu, na najua yeye na wanakijiji watapanda huko kwako. Wakute umeshaziba mfereji unaomwaga mtoni na kuchimba shimo la maji hayo machafu. Tafadhali usibishane nao.

Nisalimie wote nyumbani. Siwema naye anakusalimu sana. Hataki tena maji ya huku, analilia ya kwa mjomba, anasema ni matamu. Nimeshindwa kumwambia kwamba ndiyo aliyokunywa.

Ni mimi mdogo wako,
Ida