Jino Lililonyamaza

Ruring'u, Nyeri
Jumapili

Ndugu yangu Gathogo,

Nakusalimu wewe, mkeo Monicah na wote walio chini ya paa lako hapo Karatina. Natumaini kwamba baridi ya mwezi huu haijakurudishia kikohozi, na kwamba viazi vyako vilifika sokoni kabla mvua haijaharibu barabara. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua umenipigia simu mara nyingi, nami sikupokea. Najua pia kwamba Jumamosi ijayo wakwe watafika kwako kwa ajili ya ruracio, sherehe ya mahari ya binti yako Murugi, na kwamba mimi, kaka mkubwa, ndimi msemaji wa ukoo. Usidhani nimekasirika kwa sababu mtoto wetu anaolewa na Pritesh, mwana wa Bipin mwenye duka la vitambaa. Soma mpaka mwisho.

Utakumbuka gego langu la chini lililonitesa mwaka juzi. Shavu lilifura, nikameza dawa, nikasukutua kwa maji ya chumvi, na baada ya muda maumivu yakaisha kabisa. Nikamwambia kila mtu kwamba jino limepona. Palibaki kijipele kwenye ufizi, kikivimba na kupasuka chenyewe, kikiacha ladha mbaya mdomoni. Binti yangu Shiku alinisihi niende kwa daktari. Nilimjibu kwamba mtu hatafuti tiba ya kisichomuuma.

Mwezi uliopita alinishinda kwa maneno, akanipeleka mjini kwa daktari wa meno, kijana aitwaye Ngatia. Aligonga jino kwa mpini wa kioo chake, akaligusisha pamba yenye baridi kali, nami sikuhisi kitu, nikajisifu. Akapiga picha ya eksirei, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii jino yako haikupona. Ilikufa."

Unanijua. Nilimrekebisha palepale: "Jino langu halikupona. Lilikufa."

Akaitikia kwa upole kwamba ndivyo hasa. Ndipo niliposikia nilichokisema.

Alinieleza kwamba uhai wa jino umo katika nyama laini iliyo ndani ya mizizi. Nyama ile ilioza, na maumivu yakafa pamoja nayo, lakini vijidudu vilibaki vikivuja kwenye ncha za mizizi. Mwili ulipojaribu kuvizuia, mfupa wa taya ulilika polepole, na mahali pake pakajengeka mfuko wa majimaji. Kile kijipele kilikuwa tundu la kutolea usaha; kwa kuwa ulipata njia, sikuumwa. Kwenye picha niliona kivuli cheusi, kikubwa kuliko jino lenyewe. Kama ningalifika mapema, alisema, angalisafisha mizizi, akaitia dawa na kuiziba, na huenda mfupa ungalijijenga upya. Sasa mfuko ulikuwa umefika kwenye mshipa wa fahamu upitao ndani ya taya, na jino lilipaswa kung'olewa.

Nilimwomba asubiri mpaka baada ya sherehe. Hakunificha: taya lilikuwa limebaki jembamba kama ganda la yai, na hata punje ngumu ya mahindi katika githeri ingeweza kulivunja. Alinionya pia kwamba mdomo wa chini ungeweza kufa ganzi. Nikakubali. Aling'oa jino, akatoa mfuko wote, akapeleka kipande chake kwenye maabara. Majibu yamerudi: si saratani. Mshukuru Mungu pamoja nami.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ganzi haijaondoka. Mdomo wangu wa chini upo, lakini si wangu. Chai hunitiririka kidevuni nisijue, mpaka Shiku aniashirie. Juzi nilisimama mbele ya kioo nikijaribu maneno ya kuwakaribisha wakwe, "Mabibi na mabwana," na kilichotoka ni mate na sauti ya mlevi. Ndiyo sababu sikupokea simu zako. Daktari anasema hisia huenda zikarudi baada ya miezi mingi, au zisirudi.

Ndugu yangu, mikutano yote ya ukoo wetu hufanywa kwa Kikuyu, na humo kila mzee ni hodari kuliko mimi. Mkutano huu wa Jumamosi peke yake ulihitaji Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha na Bipin na mkewe Sudha. Niliifundisha maisha yangu yote, na siku ambayo nyumba yetu yenyewe inaihitaji, sina mdomo. Hilo linaniuma kuliko jino lilivyowahi kuniuma.

Mwache binamu yetu Moffat aseme. Najua utashtuka, kwa maana ni mimi niliyetamka mbele ya watu kwamba Kiswahili chake hakifai hata kufukuzia kuku. Nilianza kumwandikia hotuba ya kusoma, nikaichana. Kwa "mtoto yetu" yake na "duka yenu" yake amepatana bei na Bipin tangu ujanani, na hawajakosa kuelewana. Aseme anavyosema. Mimi nitaketi kando yake, leso mdomoni, na sitamsahihisha.

Nisalimie Murugi na mama yake. Usinipigie simu kunijibu. Andika, au njoo.

Ni mimi kaka yako,
Gatimu