Kati ya Tayari na Yala

Kaka Wani,

Nakuandikia Kiswahili, lugha tuliyorudi nayo kutoka shule za Kenya, ili Mama akiikuta karatasi hii asiielewe. Yuko uani anachambua dengu, na kila akiinua kichwa najua anangoja jibu langu.

Unakumbuka mbio zetu mtaani kwetu Gurei, kutoka getini mpaka duka la Msomali? Ulisema "Tayari," kisha ukaichelewesha makusudi ile "yala" ya kuturuhusu kukimbia. Mimi nimebana pumzi, vidole vya miguu vimechimba vumbi. Nikachomoka.

"Mwizi wewe! Nimesema yala?"

"Umechelewesha!"

"Rudi nyuma, Keji. Wewe utaolewa kabla hujaposwa!"

Chuoni walinivisha kofia ya nyaya. Mlio, kimya, halafu taa. Taa ikiwaka, nibonyeze kitufe. Mwalimu akanionyesha kwenye skrini wimbi la polepole lililojikusanya ubongoni mwangu ndani ya kile kimya, kabla sijafanya lolote. "Huku ndiko kutarajia," akasema. "Kichwa kimeshajiandaa, mkono bado." Mara nyingine aliizuia taa isiwake. Nilicheka peke yangu, nikikukumbuka.

Sasa sicheki. Ni miaka mitatu tangu uliponipigia ukiwa barabara ya Yei: "Nikifika Jebel, hapo karibu na nyumbani, nitapiga tena, uje unifungulie." Hukupiga. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, mimi nimeshasimama. Hata bafuni naingia na simu. Nilipewa kazi mbali, mjini Wau, nikaiahirisha mara mbili, kwa sababu ukija, nani atakufungulia? Najua jina la hali hii, naweza hata kuichora, na kujua hakunisaidii kitu.

Baba mdogo anataka tufanye ibada ya kukuombea, picha yako iwekwe kitini kwa kuwa hakuna mwili. Mchungaji ameshakubali. Mama ndiye aliyekataa. Alisema hakai matanga mpaka mimi, niliyeisikia sauti yako mwisho, niseme ndiyo. Miezi mitano nimesema bado. Niliona namlinda, na ninakulinda wewe.

Jana pikipiki ilipita polepole. Nilikuwa dirishani. Mama aliinuka, akashika kiuno, akasikiliza, akaketi. Ikapita nyingine, akainuka tena. Magoti yale, Wani. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo nikikunja karatasi hii nitatoka nimwambie ndiyo. Itakuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kama uko hai, njoo uivuruge. Ingia bila hodi, toa picha yako kitini ukae mwenyewe, ule asida, ugali wa matanga yako, utucheke wote. Nitakupiga makofi mbele ya mchungaji, na sitaomba radhi.

Usipokuja, nitakulilia. Sijakulilia bado, hata siku moja.

Mdogo wako wa pekee,
Keji