Kimea Nyuma ya Kiyoyozi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo mume wangu anamrudisha shangazi yake kijijini Mwimbi kwa kosa ambalo ni langu, na mimi nimenyamaza wiki tatu.

Naishi Katandala. Mume wangu Edwin alifanya kazi Dar es Salaam miaka sita, akarudi na kiyoyozi, na ingawa hapa Sumbawanga tunalala na mablanketi mawili alikifunga sebuleni, wageni wakija anakiwasha, tunakaa na masweta tukinywa chai harakaharaka kabla haijapoa. Mimi sikupinga, kwa sababu niligundua ile mashine ya nje inatoa hewa ya moto, na mvua hizi jua halionekani, kimea changu cha ulezi cha kutengenezea togwa kilikuwa kinaota ukungu, basi nikawa naviegemeza viroba vyake palepale kwenye mashine, halafu huku nimevaa koti namwambia, "Baba Rahel, joto limezidi leo, washa," naye anafurahi kweli, anasema sasa nimestaarabika. Tena kile kichujio cha ndani chenye wavu mwembamba nilikichomoa, nachekechea unga, nao unatoka laini sana.

Ikaja siku Shangazi Silvana akafika kwa ajili ya kliniki ya macho, na jioni ileile kiyoyozi kikaganda barafu, kikatiririsha maji ukutani, mashine ya nje ikanguruma ikazima. Fundi Timoth amekuja mara tatu, kila mara anasema gesi imeisha, anajaza bila hata kufungua mfuniko. Edwin akasema, "Haya yote tangu Shangazi aingie." Shangazi akacheka, "Mwanangu, mimi hata swichi yake siijui." Hakucheka mtu mwingine. Sasa Edwin amemwambia jirani yetu Mathias kwamba ni mkono wa Shangazi, na watoto wa Mathias wakimwona bibi wanakimbilia ndani. Kliniki yake ni Jumanne. Nikisema ukweli nitachekwa mtaa mzima. Nifanyeje?

Leonia, Katandala

Leonia,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika.

Nianze na mashine, kwa kuwa nyumbani kwenu wote mnaiogopa na hakuna aliyeichungulia. Kiyoyozi kinachukua joto la sebuleni, kinalibeba kwa gesi inayozunguka ndani ya mabomba, kinalitupa nje. Ulipoziba njia ya kutupia kwa viroba, joto likakosa pa kwenda, kompresa inayosukuma gesi ikachemka, ikajizima. Ulipochomoa kichujio, vumbi la sebule likanata kwenye mabomba ya ndani, hewa ikashindwa kupita, unyevu ukawa barafu. Hilo ndilo jini lenu: vumbi na makapi ya ulezi. Na gesi hailiwi kama ugali. Kama haivuji haipungui, na fundi anayejaza mara tatu bila kutafuta panapovuja msimfungulie geti mara ya nne.

Edwin naye. Mtu anayepoza nyumba Sumbawanga kisha anamsaka aliyeleta barafu anahitaji kipimajoto.

Lakini aliyeniudhi ni wewe. Ulikuwa na akili kutumia joto lililokuwa linapotea, na pole kwa kimea chako. Ila unaogopa kuchekwa, Leonia, na mwanamke mzee akibandikwa uchawi katika nchi hii hachekwi. Watoto wanamkimbia kwanza, kisha wakubwa wanaanza kumtazama, na yanayofuata unayajua kama ninavyoyajua mimi. Wiki tatu umechekecha unga ukiyatazama.

Leo zima umeme kwenye meni swichi. Ondoa viroba. Vile vibati vyembamba vya mashine ya nje visugue kwa brashi laini kufuata mistari yake, na mbele yake pasikae kitu. Kichujio kioshe kwa sabuni, kikauke kivulini, kirudi mahali pake, na kila mwezi ukioshe tena. Tafuta fundi anayefungua mfuniko asafishe mabomba ya ndani na kuzibua bomba la maji. Nunua chekeche.

Kesho, Shangazi akiwa amekaa palepale, mwambie Edwin yote, pamoja na habari ya unga. Usimwambie chumbani, aliyechafuliwa jina asikie. Jumamosi hakuna safari, na Jumanne unampeleka kliniki wewe mwenyewe. Kisha Edwin aende kwa Mathias akaseme kwamba alikosea. Mfuatane, maana akienda peke yake atazungumza habari za mvua na kurudi.