Aliyeachiwa Ufunguo

Dispensari ya Kwa Mulandi,
Ekalakala.
11 Februari 2001

Mpendwa mdogo wangu Nduku,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua kali. Hujambo? Bonface na watoto wako salama? Mimi ni mzima, ni miguu tu inayovimba jioni. Krismasi nilimwona mama huko Kangundo. Anasema wewe uko karibu naye, hapo Machakos mjini, lakini ni mimi wa mbali anayeniona. Nimekufikishia lawama zake, sasa tuendelee.

Ninakuandikia kwa sababu ya Mbula. Bila shaka unamkumbuka, yule mama mrefu aliyekupikia ndengu ulipokuja na gari la mradi wenu wa afya. Huu ni mwaka wake wa nane wa kujitolea hapa bila mshahara. Mwanzoni walifundishwa wiki mbili, wakapewa shati la bluu na mkoba, ikawa basi. Mengine yote amejifunza kwa kunitazama. Anapima watoto uzito, anazijua kadi za chanjo kuliko mimi, na mama akishikwa na uchungu ni yeye anayekaa naye. Unajua niko peke yangu hapa, nesi mmoja kwa vijiji vinne.

Nimesikia mradi wenu utawafundisha wahudumu wa kujitolea kwa miezi mitatu, wapewe cheti, na mwenye cheti aruhusiwe kuzalisha na kudunga sindano akiwa chini ya nesi. Wewe ndiwe unayeandika majina. Sikuombi upendeleo. Ninaomba tu barua ya Mbula isomwe. Ameiandika kwa mkono wake, akaiandika tena mara tatu ili isiwe na mahali palipokatwa.

Msalimie Bonface.

Ni mimi dada yako,
Kamanthe


Machakos,
2 Machi 2001

Dada mpendwa Kamanthe,

Salamu sana. Sisi hatujambo. Mtoto wa mwisho alikuwa na homa lakini sasa anakimbia kama kawaida. Hiyo miguu yako usiipuuze, unawakemea wagonjwa kila siku kwa mambo hayo hayo. Kwa mama nitakwenda Pasaka, mwambie asinihukumu bado.

Barua ya Mbula nimeisoma na kuipeleka kwa mkubwa wangu. Aliuliza huyo mama amesoma mpaka wapi. Nikamjibu darasa la saba, na miaka minane ya kazi. Akasema sawa, aandikwe. Jina lake ni la sita, nimelipiga taipu mwenyewe. Mwambie atafute mtu wa kumwachia mbuzi, maana masomo yataanza katikati ya Juni na watalala huku huku mjini.

Unaona sasa? Na wewe unafikiri mjini tumesahau tulikotoka.

Mdogo wako akupendaye,
Nduku


Kwa Mulandi,
27 Mei 2001

Nduku,

Natumaini mko salama. Sisi tuko hivyo hivyo.

Orodha imefika, nimeibandika ukutani kama nilivyoagizwa. Jina la sita ni Carol. Nililisoma mara mbili nikidhani ni Carol mwingine. Ni yule wifi yako, dada yake Bonface, anayeuza nguo pale Kyumbi. Huyo amewahi kumshika mtoto wa nani mgonjwa?

Acha nikwambie vile mambo yalikuwa huku, ili usiseme hukujua. Mbula alikuwa amepeleka mbuzi kwa dada yake. Kanisani walimwita mbele wakamwombea safari. Mume wake, ambaye miaka yote hii amekuwa akimcheka kwa kufanya kazi ya bure, alimnunulia viatu. Ndipo karatasi ikaja. Aliisoma akiwa amesimama kando yangu, akafuatisha majina kwa kidole mpaka chini, akaanza tena juu. Kesho yake saa moja asubuhi nilimkuta anafagia chumba cha chanjo, na vile viatu vipya hakuvivaa.

Mimi ndimi niliyemwambia jina lake limo. Nilimwambia kwa sababu wewe uliniambia.

Dada yako,
Kamanthe


Machakos,
15 Juni 2001

Dada Kamanthe,

Salamu kwa heshima. Barua yako niliiweka siku kumi kabla ya kuweza kuijibu.

Sitakudanganya. Mama mkwe alikuja akakaa kwangu siku tatu. Hakunigombeza, alikuwa akikaa sebuleni tu na kusema Carol atapotea kule Kyumbi na sisi tunatazama. Bonface naye akaacha kula nyumbani. Mwishowe nilitoa jina moja, nikajiambia Mbula amengoja miaka minane, anaweza kungoja mwaka mmoja. Najua hilo linasomekaje kwako. Awamu ijayo atakuwa wa kwanza, hata nikigombana na nani.

Sasa kuna jambo la kazi. Manesi wa dispensari wanaitwa semina ya wiki moja hapa mjini kuanzia tarehe ishirini Agosti, juu ya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Nimekuandika wewe. Najua utasema huna wa kukushikia zamu. Hilo niachie mimi, nitaomba nesi wa kukaa hapo wiki hiyo yote. Atafika Jumatatu asubuhi. Njoo, dada, tuonane pia. Tusiachane hivi.

Mdogo wako,
Nduku


Kwa Mulandi,
30 Agosti 2001

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Watoto wako wazima? Nijibu wako wazima, nitafurahi kusikia hata hilo.

Nilikuja semina kama ulivyoniambia. Ufunguo nilimwachia Mbula ili amfungulie huyo nesi Jumatatu asubuhi. Nesi hakuja. Jumanne hakuja. Mbula alikuwa akifungua mlango, anakaa kwenye benchi, anawaambia watu waende hospitali, mbele kule Masinga. Mwenye kuweza kutembea alikwenda.

Jumatano saa sita mchana aliletwa Ndila, mke wa Muli, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alikuwa anatoka tayari. Mbula alimpokea, ni msichana, mzima kabisa. Kondo la nyuma likatoka. Lakini damu haikukatika. Mbula alimsugua tumbo, akamweka mtoto kwenye titi, akamtuma Muli akimbie Ekalakala kutafuta gari. Damu ikazidi. Ndipo akafungua friji, akatoa ile dawa ya kukaza mji wa mimba, akamdunga pajani. Ameniona nikifanya hivyo mara nyingi. Damu ilipungua. Alikaa pale chini akimshikilia Ndila saa tatu nzima mpaka gari lilipopatikana, na Ndila akafa njiani kabla ya kufika hospitali.

Daktari aliyepokea maiti aliniambia mwenyewe kwamba dawa ilikuwa sahihi na kipimo kilikuwa sahihi. Gari ndilo lililochelewa. Lakini aliniuliza ni nani aliyedunga, na ana cheti gani.

Muli alimshukuru Mbula siku ya mazishi. Ndugu za Muli waliposikia Mbula hana cheti, wakaenda kwa chifu.

Siku hiyo, saa hiyo hiyo, mimi nilikuwa kwenye ukumbi wenu nikifundishwa kuzuia damu. Nijibu upesi. Yule nesi wa kunishikia zamu alikuwa nani, na alikwenda wapi?

Dada yako,
Kamanthe


Machakos,
3 Septemba 2001

Mwiitu wa mwaitu, dada yangu wa tumbo moja,

Barua hii inaletwa na dereva, isome kisha uichome.

Hakukuwa na nesi. Ile barua ya kumwomba sikuipeleka. Nilikuwa na kazi nyingi za semina, niliiacha kwenye droo, na nilipoikumbuka ilikuwa Ijumaa jioni na ofisi zimefungwa. Nikafikiri wiki moja ni nini, watu watavumilia. Dada, sijalala vizuri tangu nilipopata habari.

Wakubwa wanauliza maswali. Ikijulikana nitafukuzwa, na wewe pia utafukuzwa, kwa sababu wewe ndiwe uliyemwachia ufunguo mtu asiyeajiriwa. Una watoto wawili sekondari na huna mume wa kukusaidia. Mama naye anakula kutoka mikononi mwetu. Nimekuandikia maneno ya kusema, yako kwenye karatasi ya pili. Unasema tu kwamba uliifunga dispensari, ukaweka tangazo, na Mbula alifungua kwa ufunguo ambao hukujua anao. Basi.

Yeye hana kazi ya kupoteza. Hakuna aliyemwajiri. Watamgombeza, watamwambia asirudie, mambo yataisha. Nakuomba kama mtoto wa mama mmoja.

Mdogo wako,
Nduku


Machakos,
18 Februari 2002

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi? Nimekuandikia mara tatu, Oktoba, Krismasi na mwezi uliopita. Hujanijibu. Kwa mama pia ulikuja nilipokuwa nimeondoka, na anasema uliuliza kwanza kama nipo. Afya yako ikoje? Miguu?

Sisi tunaendelea vizuri. Kazini wamenipandisha, sasa nasimamia mafunzo ya wilaya nzima. Nakueleza ili ujue ulichokifanya hakikupotea bure, nami sitakusahau.

Mwezi wa nne tutakuwa na wageni, wale wanaosaidia mradi. Wanataka kuona dispensari ambako watu wa kijiji wanajitolea na nesi wao amefundishwa. Nimewatajia Kwa Mulandi. Kutapakwa rangi, na mzani mpya utaletwa. Wewe tafuta wahudumu wawili watatu wanaojua kujieleza, wavae vizuri. Nadhani unaelewa kwamba Mbula asiwepo siku hiyo.

Nijibu, tafadhali, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Nduku


Kwa Mulandi,
21 Aprili 2002

Nduku,

Wewe na nyumba yako natumaini hamjambo. Mama ni mzima, nilikuwa kwake juzi.

Hukuniuliza hata mara moja kilichompata Mbula, kwa hiyo nitakwambia. Hawakumgombeza wakaacha. Niliposema yale maneno yako na kutia sahihi, askari walikuja wakamchukua akiwa shambani, wakamweka ndani siku saba. Walimwachilia kwa sababu Muli alikataa kushtaki. Shati la bluu na mkoba alinyang'anywa mbele ya baraza, na mimi nilikuwepo, nimekaa mstari wa mbele na wageni wa chifu. Chama cha akina mama kanisani kikamwambia apumzike kwanza. Watoto wakimwona njiani wanaambiwa wasimsalimu. Mume wake amerudi kucheka, ila siku hizi anacheka kwa uchungu.

Miezi sita nilipita njia ya nyuma ili nisione mlango wake. Barua yako ya wageni ilipofika, niliisoma, nikatoka, nikaenda moja kwa moja. Nilimkuta akipepeta ndengu. Alinipa kiti na akaendelea kupepeta. Nilimwambia yote: Carol, barua iliyoachwa kwenye droo, karatasi ya pili. Nililia. Yeye hakulia. Ungo ulipoisha akasema, "Cheti niliacha kukitaka zamani. Siku zile saba nilikuwa nikingoja mtu mmoja aje aseme kwamba nilikuwa nimetumwa."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza tena.

Jumatatu ya tarehe nane nilikwenda Machakos. Nilipita hatua chache kutoka mlango wa ofisi yako. Niliandika maelezo mapya mbele ya mkubwa wa afya: kwamba ufunguo nilimpa mimi, kwamba aliyoyafanya kwa Ndila ndiyo ambayo ningeyafanya mimi, kwamba nesi hakuombwa, na kwamba maelezo ya kwanza niliyasema kwa uongo. Barua yako ya tarehe tatu Septemba sikuwa nimeichoma. Niliiacha mezani kwake. Jua basi kwamba ukiitwa, ni mimi. Sikutaka ulisikie kwa mwingine.

Mimi nimesimamishwa kazi mpaka kesi yangu isikizwe. Sidhani watanirudisha, na sioni ubaya wao. Watoto nimewapeleka kwa mama. Mbula ameandikiwa barua ya kusafishwa jina, ukurasa mmoja, na chifu aliisoma kwenye baraza. Waliokuja walikuwa wachache, siku ile ilikuwa ya soko.

Wageni wenu hawakuja. Dispensari imefungwa tangu Jumatatu hiyo, kweli kweli safari hii, na hakuna aliyetumwa mahali pangu. Akina mama bado wanakuja. Wanasoma karatasi iliyoko mlangoni, wasiojua kusoma wanasomewa, kisha wanarudi na watoto wao. Jana mmoja aliyekuwa karibu kujifungua alimaliza mwendo wote mpaka kwa Mbula. Nilikuwa njiani, niliona kwa macho yangu. Mbula alitoka, akamtazama tumbo, akamtazama miguu, nikadhani atamshika mkono. Akamwambia yeye hajui kazi hiyo, aende Masinga, akarudi ndani.

Dada yako,
Kamanthe