Koleo la Baba

Tsuruoka, theluji ya kwanza

Kaka Tokujiro,

Soksi ulizotuma zimefika. Mama ameshatia figili chumvini, goti lake bado linamsumbua.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitembea tangu serikali ipige marufuku panga? Miaka arobaini alibeba upanga wake wa samurai kiunoni, upande wa kushoto. Upanga ulipoondoka, mwili ukawa unamlalia kulia. Ndiyo maana akaanza kuchomeka koleo la chuma la kushikia makaa jikoni kwenye mkanda, apate uzito wa kumnyoosha. Wewe hukuuliza. Ulikuja likizo na sare yako mpya ya polisi, ukamsimamisha sokoni mbele ya wauza samaki.

"Mzee, umeficha nini hapo kiunoni? Hebu toa tuone."

Najua ulikuwa unamtania. Watu walicheka, nawe ukacheka. Baba aliinama mpaka chini, akakukabidhi koleo kwa mikono miwili.

"Samahani, bwana askari," akasema.

Kesho yake uliliacha koleo jikoni, ukarudi Tokyo. Yeye hakutoka tena nje, na chakula nilichompelekea alikirudisha vilevile.

Kaka, tumemzika jana. Tulipomketisha kwenye pipa la maziko, kila tukimnyoosha anaangukia kulia. Mama akaenda jikoni, akarudi na koleo, akamchomekea kiunoni kushoto.

Akakaa wima.

Sasa makaa tunayashika kwa vijiti, na vinaungua. Ukija, usituletee koleo jingine.

Mdogo wako,
Shige