Mshtarii Juu ya Bati la Jirani

Sindeni, Handeni

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na picha. Huku hatujambo, mahindi yamebeba, na goti la bibi yako limepata nafuu.

Unauliza kama darubini ni mbovu, maana kila ukiipiga picha sayari ya Mshtarii jua likishazama, inatoka imevurugika kama kiini cha yai kilichopasuka. Unataka kumrudishia mjomba wako zawadi yake. Usimrudishie. Nimeona katika picha ulizotuma unavyoilenga: juu ya bati la jirani.

Ujanani nilichoma matofali hapa Sindeni. Posa yangu ilikuwa imeshapelekwa kwa wazazi wa binti mmoja, jibu bado. Siku moja binti mwenyewe akamletea kaka yake uji, akasimama ng'ambo ya tanuri. Nikamtazama juu ya ule moto, nikaona uso unatetemeka na mdomo umepinda. Nikajua nimekataliwa. Kaka yake, asiyejua lolote, akaniambia, "Zunguka ukanipokelee uji." Nikazunguka. Uso ulikuwa umetulia, unatabasamu.

Bati lililopigwa na jua kutwa nalo ni tanuri. Hamia kwenye nyasi, lenga juu ya shamba, uiache darubini ipoe kwanza, ndipo upige.

Bibi yako anaingoja picha mpya. Nimemsomea barua hii, naye anasema hakupinda mdomo hata kidogo; kwa upande wake aliyekuwa akitetemeka ni mimi, na alinikubali hivyo hivyo.

Babu yako